Willard Gibbs, Mtu wa Herufi G

Mwaka jana, nikiwa kwenye mafunzo ya ualimu kwa vitendo, nilidanganya darasa zima. Sikukusudia. Kilikuwa kidato cha tano, somo la Baiolojia, na ubaoni nilikuwa nimeshachora ngazi yangu ya DNA, ile ambayo sote tunaichora. Nilishaeleza kwamba A inashikana na T kwa vifungo viwili vya haidrojeni, na G inashikana na C kwa vifungo vitatu, hivyo DNA yenye G na C nyingi ni imara zaidi. Nikiwa nafuta mikono chaki, binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Akauliza: tuseme kuna vipande viwili vya DNA, vyote vina A na T tu, urefu ni uleule, ila herufi zimepangwa tofauti, ukivipasha joto, kipi kitaachana kwanza? Nikamjibu bila kufikiri kwamba vitaachana pamoja, maana vifungo ni vilevile. Akaandika. Darasa zima likaandika.

Jibu lile si la kweli. Nililigundua nimesharudi chuoni, nikisoma jinsi ya kuchagua praima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyotumika maabara kukamata jeni unayoitaka. Humo nikakuta jedwali dogo la namba kumi, na juu ya jedwali ile herufi niliyoiandika kwenye mitihani miaka yote bila kuiuliza chochote: G. Delta G sawa na delta H, toa T mara delta S. Aliyepita PCB, PCM au CBG anaiimba hata usingizini. Ukimwuliza G ni ya nani, atakwambia ni ya Gibbs. Ukimwuliza Gibbs ni nani, hapo ni kimya. Nami nilikuwa miongoni mwa walionyamaza, ndiyo maana nikaanza kumtafuta.

Josiah Willard Gibbs alizaliwa tarehe 11 Februari 1839 katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut, Marekani. Alikuwa mtoto wa nne kati ya watano, na mvulana peke yake. Baba yake, ambaye jina lao lilikuwa moja, alikuwa mtaalamu wa lugha aliyefundisha maandiko matakatifu katika Chuo Kikuu cha Yale, hapohapo mjini. Naomba tusimame kidogo kwa huyu baba, kwa sababu kwangu mimi habari yake ndiyo iliyonifanya niendelee kusoma.

Mwezi Agosti mwaka huohuo wa 1839, meli iitwayo Amistad ilikamatwa karibu na pwani ya New York. Ndani yake walikuwamo Waafrika waliokuwa wametekwa Sierra Leone, wengi wao Wamende, wakauzwa Cuba, kisha wakaasi baharini wakiongozwa na Sengbe Pieh na kuiteka meli. Walitaka kurudi kwao. Badala yake wakaishia jela ya New Haven wakishitakiwa kwa mauaji na uharamia, na wanaodai kuwa mabwana zao wakisema hao ni watumwa wa Cuba tangu zamani. Kujitetea hawakuweza, kwani hakuna mtu mjini aliyeijua lugha yao. Profesa Gibbs akaenda jela. Akanyoosha kidole kimoja, kisha viwili, kisha vitatu, mpaka wakamfundisha kuhesabu moja hadi kumi kwa Kimende. Halafu akasafiri mpaka bandari ya New York akawa anatembea gatini akihesabu kwa sauti mbele ya mabaharia weusi, moja hadi kumi, moja hadi kumi, kama mtu aliyechanganyikiwa. Mpaka baharia mmoja akageuka. Anaitwa James Covey, Mmende, ambaye naye aliwahi kutekwa utotoni na kuokolewa na meli ya Waingereza. Covey akawa mkalimani, mahabusu wakapata kinywa cha kusimulia walikotoka, na mwaka 1841 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba ni watu huru. Wale 35 waliokuwa bado hai walirudi Sierra Leone.

Mtoto Willard wakati baba yake anahesabu gatini alikuwa na miezi kadhaa tu, kwa hiyo sitaki kudai kwamba alijifunza lolote pale. Ila nimeshindwa kuiacha picha ile: namba kumi zilizopangwa kwa utaratibu, zinazotosha kumtambua mtu katikati ya bandari nzima. Mtaona mbele kwa nini inanisumbua.

Willard alikuwa mtoto dhaifu wa afya, mpole, msomaji. Aliingia Yale mwaka 1854 akiwa na miaka 15, akamaliza 1858 akiwa amezoa zawadi za Kilatini na hesabu. Mama yake alikuwa amefariki akiwa bado masomoni, na mwaka 1861 baba naye akafuata. Mwaka 1863 akapata shahada ya uzamivu, miongoni mwa za kwanza kabisa kutolewa Marekani na ya kwanza nchini humo katika uhandisi. Mada? Umbo la meno ya gia. Yaani mtu tunayemjua kwa mambo yasiyoonekana kwa macho alianza na vyuma vinavyosagana. Akafundisha Yale miaka mitatu, miwili ya mwanzo Kilatini na wa tatu fizikia, na mwaka 1866 akasajili hataza ya breki ya mabehewa ya treni. Nawaambia hivi wale wa mwaka wa kwanza wanaodhani mtu lazima aijue njia yake mapema.

Mwaka huo wa 1866 akapanda meli na dada zake kwenda Ulaya. Walikaa miaka mitatu, akahudhuria mihadhara Paris, Berlin na Heidelberg, akarudi nyumbani mwaka 1869. Hiyo ndiyo safari kubwa ya maisha yake. Baada ya hapo ni kama hakutoka tena New Haven. Na kuna jambo moja la bahati tu ambalo sijaona mtu akilisemea: mwanzoni mwa 1869, Gibbs akiwa bado kusini mwa Ujerumani, kijana mwingine aitwaye Friedrich Miescher, katika mji wa Tübingen wa upande huohuo wa nchi, alikuwa anachunguza usaha wa bandeji za hospitali akapata kitu cheupe kisichofanana na protini. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza DNA kutengwa. Hakuna ushahidi wowote kwamba wawili hawa walijuana. Mmoja alishika kitu chenyewe bila kujua kinafanyaje kazi, mwingine alikuwa njiani kuandika kanuni itakayokitawala bila kujua kwamba kipo.

Mwaka 1871 Yale ilimteua Gibbs kuwa profesa wa fizikia ya kihesabu. Alikuwa hajachapisha hata makala moja. Na cheo hicho hakikuwa na mshahara. Alifundisha hivyo kwa takribani miaka tisa, mpaka Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilipomwahidi dola 3,000 kwa mwaka, ndipo Yale wakaamka na kumpa 2,000. Akabaki kwa hizo 2,000.

Hapa ndipo waandishi wengi humgeuza mtakatifu. Mimi nasita. Gibbs aliweza kufundisha bure kwa sababu wazazi walimwachia nyumba na mali ya kumtosha, na hakuwa na mke wala watoto. Aliishi maisha yake yote katika nyumba ya baba yake pamoja na dada zake na shemeji yake aliyekuwa mkuu wa maktaba ya Yale. Sisi ambao boom likichelewa wiki mbili tunaanza kuhesabu chapati, tusidanganyane kwamba tunaweza kumwiga kwa hilo. Ninachokiheshimu kwake si kukosa mshahara. Ni kwamba aliyekuwa na nafasi ya kukaa bila kufanya kitu, hakukaa.

Makala zake mbili za mwanzo zilitoka mwaka 1873, akiwa na miaka 34. Kisha mwaka 1876 na 1878, kwa sehemu mbili, ikatoka kazi kubwa kuhusu msawazo wa vitu vya mchanganyiko: kurasa takribani 300, milinganyo takribani 700. Aliichapisha wapi? Katika jarida la chama cha wasomi wa Connecticut, lililosomwa na watu wachache sana. Uchapaji wa milinganyo ulikuwa ghali kiasi kwamba chama kililazimika kuchangisha fedha mjini. Wachangiaji wengi hawakuelewa hata ukurasa mmoja, lakini walitoa.

Sasa, alisema nini? Nitajaribu kueleza kama ningemweleza yule binti, maana deni langu liko kwake.

Watu walikuwa wanadhani kwamba mmenyuko unaotoa joto ndio unaotokea wenyewe. Kitu kinateremka kwenda kwenye nishati ndogo, kama jiwe mlimani. Lakini barafu inayeyuka mezani ikimeza joto, haitoi, na hakuna aliyeilazimisha. Gibbs akaonyesha kwamba mizani ina pande mbili. Upande mmoja ni joto linalotoka vitu vikishikana. Hilo ndilo tunaloliita enthalpi, H. Upande wa pili ni uhuru: kwa namna ngapi vitu vinaweza kukaa, kujipinda, kutembea; hiyo ni entropi, S. Vitu vikishikana hupata joto la kutoa ila hupoteza uhuru. Na huo uhuru unazidishwa na halijoto, T. Kwa hiyo kwenye baridi upande wa kushikana unashinda, kwenye joto upande wa uhuru unashinda, na katikati kuna mahali mizani inasimama. Ukitoa upande mmoja kwenye mwingine, unapata namba moja tu. Ikiwa hasi, jambo litatokea lenyewe. Ikiwa chanya, halitatokea. Yeye mwenyewe hakuiandika G. Aliiandika kwa herufi ya Kigiriki, zeta. Waliokuja baadaye ndio walioipa herufi ya jina lake, na jina la nishati huru lilitoka kwa Mjerumani Helmholtz mwaka 1882.

Mmoja wa wachache waliomwelewa mapema ni James Clerk Maxwell wa Cambridge, yule wa sumakuumeme. Alipoisoma makala ya pili ya 1873, alichukua udongo akafinyanga kwa mikono yake umbo la uso ambao Gibbs alikuwa ameueleza kwa hesabu tupu, uso unaoonyesha kitu kinachofanana na maji kikiwa kigumu, kimiminika na mvuke, akamtumia nakala yake kwa meli. Liko Yale hadi leo. Halafu mwaka 1879 Maxwell akafariki akiwa na miaka 48, na Gibbs akapoteza msomaji wake mkubwa.

Kuna dhana kwamba alijificha. Hapana. Alikuwa akituma nakala za makala zake kwa posta kwa wanasayansi wa nchi nyingi, na aliweka orodha ya aliowatumia. Tatizo lilikuwa uandishi wake: mkavu, mifano michache mno, kila neno limebanwa. Kama mwalimu mtarajiwa naona hili ni kosa, na halifutiki kwa sababu tu mtu ana akili nyingi. Wanakemia waliokuwa wanahitaji kazi ile waliikuta imeandikwa kwa hesabu wasiyoijua, wakapita kando, na baadhi wakagundua upya kwa jasho mambo ambayo tayari yalikuwa kwenye kurasa zake. Ilibidi Wilhelm Ostwald aitafsiri kwa Kijerumani mwaka 1892, na Henry Le Chatelier kwa Kifaransa mwaka 1899. Hapo ndipo dunia ya kemia ikamsoma. Mwaka 1901 Royal Society ya London ikampa medali ya Copley, heshima kubwa kuliko zote kwa mwanasayansi wa wakati ule. Mwaka 1902 akatoa kitabu chake cha mekanika ya kitakwimu, na tarehe 28 Aprili 1903 akafariki, New Haven, akiwa na miaka 64.

Miaka 50 baadaye, 1953, Watson na Crick wakatangaza umbo la DNA kuwa nyuzi mbili zilizosokotana. Na swali lililofuata lilikuwa lilelile la binti wa dawati la nyuma: zinashikana kwa nguvu kiasi gani, na je, mtu anaweza kujua kwa kusoma herufi tu?

Jibu la kwanza lilifanana na langu la darasani. Julius Marmur na Paul Doty wa Harvard walionyesha mwaka 1962 kwamba kwa DNA ndefu, kila asilimia moja ya G na C inapandisha halijoto ya kuachana kwa takribani nyuzi joto 0.41. Ni kweli, na inafaa ukiwa na DNA yenye maelfu ya herufi, kwa sababu kwenye urefu huo mpangilio unajichanganya wenyewe. Ila ukishuka kwenye vipande vya herufi saba, ishirini, thelathini, inaanza kukosea. Kisa ni kwamba vifungo vya haidrojeni si peke yake vinavyoishikilia ngazi. Besi zimelaliana kama sahani kwenye rafu, na mlaliano huo ndio unaobeba sehemu kubwa ya uimara. Na sahani iliyo juu ya nyingine inategemea ni sahani ipi iko chini yake.

Kwa hiyo usihesabu herufi. Hesabu majirani. Kuanzia miaka ya 1970 kundi la Ignacio Tinoco huko California lilifanya hivyo kwa RNA, na mwaka 1986 Kenneth Breslauer na wenzake wakatoa jedwali la DNA. Baadaye yakawa majedwali mengi yasiyokubaliana, hadi mwaka 1998 John SantaLucia alipoyaweka pamoja akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya ugomvi ilitokana na tofauti za vipimo kama kiasi cha chumvi, na mengi yanakubaliana ukishasawazisha. Herufi nne zinatoa jozi 16 za majirani, ila kwa kuwa nyuzi ni mbili na kila mmoja unasomwa kwa upande wake, jozi nyingine ni zilezile zikisomwa kutoka ng'ambo. Zinabaki kumi. Namba kumi. Mnaona sasa kwa nini yule mzee wa gatini hanitoki kichwani.

Hebu tupige hesabu ambayo ningepaswa kuipiga ubaoni. Namba zote ni kilokalori kwa moli, kwa nyuzi joto 37. Kipande cha kwanza ni AAAAAAA. Kina majirani sita, wote AA, na kila AA ni hasi 1.00. Jumla hasi 6.00. Kipande cha pili ni TATATAT. Nacho kina majirani sita: TA mara tatu, kila moja hasi 0.58, na AT mara tatu, kila moja hasi 0.88. Jumla hasi 4.38. Kuna gharama ya kuanza kushikana, chanya 1.03 kwa kila ncha yenye A au T, kwa hiyo ongeza 2.06 kote kuwili: cha kwanza kinabaki na hasi 3.94, cha pili hasi 2.32. Herufi ni za aina zilezile, vifungo vya haidrojeni ni 14 kote, lakini tofauti ya 1.62. Inaonekana ndogo. Ukiipeleka kwenye mlinganyo wa msawazo, inamaanisha kwamba nguvu ya kushikana ya kipande cha kwanza ni takribani mara 14 ya cha pili. Mara 14! Nami nilisema vitaachana pamoja.

Wala si ajabu kwa mtu anayezungumza Kiswahili. Lima na mali zina herufi zilezile.

Kilichonishangaza zaidi ni kuitazama AT na TA kando kando. Jedwali la 1998 linasema joto linalotoka ni lilelile, hasi 7.2 kwa zote mbili. Kwa upande wa joto huwezi kuzitofautisha hata kidogo. Tofauti yote iko kwenye entropi: AT inapoteza kalori 20.4 kwa moli kwa kila kelvini, TA inapoteza 21.3. Yaani aliyepima joto peke yake angeapa kwamba ni sawa. Unahitaji upande wa pili wa mizani, ule alioutia Gibbs, ndipo uone kwamba TA ni dhaifu kuliko majirani wote kumi. Na bakteria wanalijua hilo bila kwenda shule: pale wanapofungua DNA yao ili kuanza kunakili jeni, mara nyingi kuna maneno yanayofanana na TATAAT.

Mtu atauliza hizi desimali zinamsaidia nani. Nenda hospitali yenye mashine ya GeneXpert ya kupima kifua kikuu. Zipo nyingi tu hapa Tanzania, na Shirika la Afya Duniani liliziidhinisha Desemba 2010. Mashine ile haitafuti vimelea tu, inatazama pia kama vimezoea dawa ya rifampisini. Usugu huo kwa kawaida unatokana na mabadiliko kwenye sehemu fupi ya jeni moja, herufi 81. Watengenezaji waliandaa vipande vya DNA vinavyong'aa vikishikana na sehemu hiyo. Herufi moja ikibadilika, majirani wawili wanaharibika kwa mpigo, delta G inapungua nguvu, na kipande hakishikani kwenye halijoto ile. Toleo jipya, liitwalo Ultra, linapima kabisa ni kwa nyuzi joto ngapi kipande kinaachia. Kipande kikiwa imara kupita kiasi kitashikana hata pasipostahili na mgonjwa ataambiwa dawa itamfaa kumbe haifai. Kikiwa dhaifu hakitashikana hata panapostahili. Nafasi iliyopo katikati ni ya kilokalori chache, na inapangwa kwenye kompyuta kwa kujumlisha namba kabla mtu hajagusa tone la makohozi.

Gibbs hakuyaona haya, na nisimpe sifa zisizo zake. Wazo la kujumlisha majirani ni la watu wa karne ya 20, na ni makadirio. Vipande vifupi vinatii vizuri, vile vinavyojikunja vyenyewe vinahitaji marekebisho, na jedwali lote limepimwa kwenye chumvi nyingi, moli moja kwa lita. Lakini kila namba ndani yake ni zeta yake.

Mwezi uliopita niliandika hesabu ile ya AAAAAAA na TATATAT kwenye karatasi, nikaandika juu yake kwamba jibu nililotoa darasani lilikuwa kosa langu, nikaipiga picha na kumtumia mwalimu aliyekuwa mlezi wangu pale shuleni. Darasa lile sasa ni kidato cha sita. Mwalimu akaisoma mbele yao. Alinisimulia kwamba walicheka kidogo, hasa wavulana, kisha wakafungua madaftari ya mwaka jana kutafuta mahali pa kufuta.

Juzi akanipigia tena. Yule binti amekaa na jedwali, ametunga kipande chake cha herufi tisa na amekijumlisha vizuri, ila ameniletea swali. Kama namba zimepimwa kwenye moli moja ya chumvi, na ndani ya seli hakuna chumvi kiasi hicho, kwa nini tunaziamini? Na chumvi inafanya nini hasa, kwani haimo kwenye ngazi?

Najua mwanzo wa jibu: uti wa mgongo wa kila uzi una fosfeti zenye chaji hasi, nyuzi mbili zinasukumana, na sodiamu inakaa katikati kama mgambo wa sokoni anayewatuliza. Chumvi ikipungua, msukumano unaongezeka na nyuzi zinaachana mapema. Kiasi gani, kwa kipande chake cha herufi tisa, sijakipigia hesabu. Nimemwomba mwalimu amwambie anisubiri hadi Ijumaa.